Saa ya Pendulamu Ikifika Bariadi

Chukua saa ndefu ya kabati, ile ya kusimama sakafuni, iliyorekebishwa London hadi ikaenda bila kosa. Isafirishe kwa meli na lori mpaka Bariadi, mkoani Simiyu, Tanzania, uisimamishe sebuleni bila kupata hata mkwaruzo. Itaanza kuchelewa, takriban dakika mbili na nusu kila siku. Wiki ikiisha itakuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 17, na mwenye nyumba ataamini kwamba imeharibikia njiani.

Haijaharibika. Kilichobadilika ni nguvu ambayo dunia inaivutia.

Pendulamu, ule ufito wenye kisahani kizito unaoning'inia ndani ya kabati, huenda na kurudi kwa sababu dunia inauvuta chini. Mvuto ukipungua, mwendo nao unapungua. Dunia si duara kamili: imevimba katikati, hata kipenyo chake kwenye ikweta kimezidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita zipatazo 43. Bariadi ipo chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na iko juu ya usawa wa Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Mambo hayo mawili yanaiweka mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko London, na mzunguko wa dunia, ambao una kasi kubwa zaidi karibu na ikweta, unapunguza mvuto zaidi. Tofauti ni ndogo mno: 9.81 kule, 9.78 huku, kwa kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde. Mwili wa binadamu hauihisi. Saa ya pendulamu inaihisi siku ya kwanza.

Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hili mwaka 1672, alipopeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa kwa zaidi ya dakika mbili kwa siku, akalazimika kuifupisha pendulamu. Wengi hawakumwamini. Lakini Isaac Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuonyesha kwamba dunia imebonyea kwenye ncha zake. Saa iliyochelewa ilikuwa imepima umbo la dunia.

Ndiyo maana kuitengeneza saa ya kale nyumbani hakuishii kwenye kuondoa kutu na kubadilisha kamba. Saa ya namna hii hutengenezwa kwa ajili ya mahali inaposimama. Ikihamishwa kutoka Mwanza hadi Maswa, au hata kutoka ukuta mmoja hadi mwingine katika nyumba ileile, kazi ya kuirekebisha inaanza upya.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012, haujulikani kwa saa za kabati. Unajulikana kwa pamba, ng'ombe na mashamba yanayofika hadi mipakani mwa Serengeti. Hata hivyo pendulamu ina historia katika ukanda huu. Upande wa Wilaya ya Busega mkoa unagusa Ziwa Victoria kwenye ghuba iliyopewa jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyeuona mwambao wa kusini wa ziwa hilo Agosti 3, 1858, baada ya kutembea kutoka Kazeh, Tabora ya leo, kupitia nchi ya Wasukuma. Katika msafara wake na mpelelezi mwenzake Richard Burton, saa walizobeba kutoka pwani ziliharibika moja baada ya nyingine. Bila saa hawakuweza kupima nyota ili kujua longitudo ya mahali walipo. Wakafunga risasi nzito ya bunduki kwenye uzi, wakauning'iniza kwenye tupa ya pembe tatu, na kupima inchi 39 kutoka kwenye tupa hadi katikati ya risasi. Mbembeo wa risasi hiyo ukawa ndio saa yao.

Inchi 39 ni sentimita 99, urefu uleule unaokutwa ndani ya saa ndefu za kabati, kwa sababu pendulamu ya kiasi hicho hutumia sekunde moja kwenda upande mmoja na sekunde nyingine kurudi. Kwa siku hupiga mara 86,400. Uzito wa risasi hauleti tofauti, wala ukubwa wa kisahani. Kinachoamua ni urefu na mvuto wa dunia.

Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeifungia saa pendulamu kwa mafanikio mwaka 1656. Kabla yake, saa nzuri iliweza kukosea kwa robo saa kwa siku. Baada yake, kosa likawa sekunde chache. Miaka kama 15 baadaye kikabuniwa kifaa chenye umbo la nanga, ambacho kiliruhusu pendulamu ndefu ibembee kwa nafasi ndogo, nayo ikatosha ndani ya kabati jembamba. Hapo ndipo saa ndefu zikaanza kujaa majumbani Uingereza na nchi jirani.

Mtu akifungua mlango wa kabati hiyo atashangaa jinsi mambo yalivyo machache. Kuna vizito viwili, kila kimoja kilo 5 au 6, vinavyoning'inia kwa kamba. Kimoja kinaendesha saa, kingine kinaendesha nyundo ya kengele. Kizito kinashuka polepole na kuzungusha pipa. Pipa linazungusha magurudumu ya meno ya shaba ya manjano. Na gurudumu la mwisho, ambalo kwa kawaida lina meno 30, limezuiwa na nanga. Kila pendulamu ikibembea, nanga inaliachia jino moja lipite na kulidaka linalofuata. Mlio wa jino kugonga nanga ndio ule tik-tak. Jino nalo, likipita, linaisukuma pendulamu kidogo isichoke, kama mzazi anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Saa za siku nane hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Zile za saa 30, ambazo zilikuwa za bei nafuu, zina kizito kimoja na huvutwa kwa kamba au mnyororo kila siku.

Hakuna betri wala kifaa kilichofichwa ndani ya plastiki. Kila kosa la saa hii linaweza kuonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, na hiyo ndiyo sababu mtu mwenye subira anaweza kuifufua mezani kwake.

Kazi inaanza kwa kuondoa hatari. Vizito hutolewa kwanza, kisha kichwa cha kabati huvuliwa, ndipo pendulamu itolewe. Wanaobeba saa nzima ikiwa na pendulamu ndani huvunja utepe mwembamba wa chuma unaoishikilia, sehemu dhaifu kuliko zote. Saa za ukutani zinazotumia kamani zina hatari kubwa zaidi. Kamani iliyojaa ikifunguliwa ghafla hurusha magurudumu na kukata vidole, kwa hiyo lazima ilegezwe yote kwa ufunguo kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Asiyejua namna ya kuilegeza ampelekee fundi.

Saa nyingi zinazosemwa kuwa mbovu zimesimamishwa tu vibaya. Jaribio lake halihitaji zana. Pendulamu ikibembezwa, sikio lisikilize: tik… tak… tik… tak, kwa nafasi sawa. Kama ni tik-tak… tik-tak, kama mtu anayechechemea, nanga haiko katikati na saa itasimama baada ya dakika chache. Pimamaji peke yake haitoshi, kwa kuwa kabati linaweza kunyooka huku mtambo wa ndani ukiwa umeinama. Dawa ni kupenyeza kipande chembamba cha mbao chini ya mguu mmoja wa kabati, kidogo kidogo, hadi milio ilingane.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya wengi: saa inakwenda vizuri siku tano, inasimama ya sita. Ikitiwa ufunguo, inakwenda tena siku tano. Sababu haiko kwenye magurudumu. Vizito vikishuka hadi usawa wa kisahani cha pendulamu, navyo huanza kubembea taratibu vikila nguvu ya pendulamu, iwapo kabati halijashikwa imara. Huygens mwenyewe alibaini mwaka 1665 kwamba saa mbili zilizotundikwa pamoja huvutana kupitia boriti inayozishika. Katika nyumba ya matofali ya kuchoma, skrubu moja ndefu na plagi yake, ikipita mgongoni mwa kabati na kuingia ukutani, humaliza tatizo hilo.

Baada ya hapo linakuja vumbi.

Kiangazi cha Simiyu, kuanzia Juni, ni kirefu na kikavu. Barabara za udongo zinatimka, upepo unavuka mbuga zisizo na miti, na msimu wa pamba unaleta magari ya mizigo mchana kutwa. Vumbi laini likipenya kwenye kabati linakutana na mafuta ya kale yaliyogeuka gundi nyeusi. Mchanganyiko wa vumbi na mafuta husaga chuma. Ncha za ekseli zinakwaruzika, na matundu ya shaba zinamozungukia yanapanuka na kuwa na umbo la yai. Magurudumu yanasogeleana au kuachana, meno yanakamatana, saa inasimama.

Kosa ambalo wengi hulifanya hapa ni kuongeza mafuta. Saa iliyosimama hunyunyiziwa mafuta ya kopo, inaamka kwa wiki kadhaa, na fundi anasifiwa. Ndani yake uchafu umelainishwa na kusambazwa kila tundu, na usagaji umeongezeka. Saa chafu husafishwa kwanza. Mtambo unapigwa picha kwa simu kutoka kila upande, unafunguliwa, na kila gurudumu linawekwa kwenye nafasi yake juu ya karatasi iliyochorwa. Mafuta ya taa na brashi laini huondoa gundi, kisha spiriti huondoa mabaki. Kazi hiyo ifanyike uani, mbali na jiko. Matundu husafishwa kwa vijiti vilivyochongwa ncha, vikizungushwa na kuchongwa upya mpaka kijiti kitoke cheupe.

Wakati wa kurudisha mafuta, tone dogo linaloweza kubebwa kwenye ncha ya sindano linatosha kwa kila tundu. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kabisa, kwani yatageuka mtego wa vumbi. Mafuta ya injini ni mazito mno, ya kupikia yanaganda, na ya cherehani ni mepesi, hutiririka na kuacha tundu kavu. Mafuta ya saa yenyewe huagizwa kwa wauzaji wa vipuri, na kichupa kimoja kinaweza kudumu miaka mingi.

Sura ya saa inataka hadhari zaidi. Nyuso za saa nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1770 hivi zimepakwa rangi, na tarakimu zake zimechorwa kwa mkono juu ya rangi hiyo. Kitambaa chenye sabuni kinaweza kuifuta historia ya miaka 200 kwa dakika moja. Brashi kavu ya manyoya laini inatosha. Kabati nalo liliungwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, hivyo kiungo kilicholegea kinaweza kuunganishwa tena bila misumari. Adui mkubwa wa kabati Bariadi ni mchwa. Miguu isimame juu ya vigae au jiwe, na kipande cha mbao ngumu kama mninga kiwekwe kati ya mgongo wake na ukuta, ili njia za udongo zionekane kabla hazijafika ndani.

Ikishakwenda, saa inarekebishwa. Chini ya kisahani cha pendulamu kuna nati. Ikizungushwa kukipandisha kisahani, pendulamu inafupika na saa inaongeza mwendo. Ikikishusha, saa inapunguza. Badiliko la milimita 1 ni sawa na sekunde 43 kwa siku. Kwa hiyo ile saa ya London inahitaji kupandishwa kisahani kwa milimita 3 na nusu hivi ili ikubaliane na Bariadi. Kila jioni, saa ilinganishwe na simu au na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tofauti iandikwe daftarini, na nati iguswe mara moja tu kwa siku. Joto nalo lina sehemu yake: ufito wa chuma ukipata nyuzi joto 10 za ziada hurefuka kiasi cha kuchelewesha saa kwa sekunde 5 kwa siku. Ukuta unaopigwa na jua la mchana haufai.

Wanaopenda kulinganisha saa na jua wanapaswa kujua hesabu moja ya hapa. Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Bariadi iko karibu na nyuzi 34. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kwa wastani jua hufika katikati ya mbingu ya Bariadi saa sita na dakika 44 mchana, likiwahi au kuchelewa kwa robo saa hivi kulingana na mwezi. Kijiti kilichosimamishwa uani kitatoa kivuli kifupi kabisa wakati huo, na saa haina kosa.

Kisha kuna swali la kengele, ambalo mtengenezaji wa Ulaya hakulifikiria. Saa hizi hupiga kengele kwa idadi ya saa. Saa moja asubuhi, watoto wakiwa wameshaondoka kwenda shule, saa ya Kiingereza itapiga mara saba, na masikio ya nyumba nzima yatapinga. Kusoma mshale upande wa pili wa uso ni jambo ambalo Mtanzania hulifanya bila kufikiri. Kuhesabu mapigo saba na kuyaelewa kuwa moja ni kazi nyingine.

Suluhisho halihitaji kubadilisha kipuri chochote. Mshale mrefu unazungushwa mbele mara sita, ukisubiriwa kila saa hadi kengele imalize kupiga, wala haurudishwi nyuma. Uso wenye saa 12 hauna habari ni wapi siku inaanzia, kwa hiyo sasa unaonyesha na kupiga saa za Kiswahili. Katika Zanzibar ya karne ya 19 saa zilifuata jua la magharibi, na kuzama kwake kulihesabiwa kuwa ndiyo saa kumi na mbili. Desturi hiyo ina mantiki katika ukanda wa ikweta, kwa sababu urefu wa mchana haubadiliki sana. Bariadi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na karibu saa moja kasoro dakika 5, mwaka mzima. Saa iliyopangwa hivyo itapiga mara 12 karibu na mapambazuko, na pigo moja litakapolia, ni saa moja kweli.

Baadhi ya saa ndefu zina dirisha dogo la tarehe, ambalo hugeuka mara moja kila saa 24. Anayepanga saa ya Kiswahili anaweza kuchagua tarehe igeuke saa kumi na mbili ya jioni, kwa kufuata hesabu ya zamani ya pwani ambayo usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa.

Gharama ya kupuuza matunzo inaonekana Zanzibar kwenyewe. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilipoteza mnara wake wa kwanza wa saa kwa mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896. Mnara mwingine ukajengwa kwenye upande wa mbele wa jumba lenyewe, ukawa alama ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2000. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya jumba iliporomoka na mnara huo, watu wawili wakafariki. Jengo lilikuwa kwenye ukarabati, lakini miaka mingi ya uchakavu ilikuwa imetangulia.

Kwa saa ya nyumbani, mpaka kati ya kazi ya mwenye nyumba na kazi ya fundi unajulikana. Kusimamisha, kusafisha, kubadilisha kamba na kurekebisha mwendo ni kazi ya mwenye nyumba. Tundu lililopanuka linahitaji kutiwa bushi mpya ya shaba, na ncha ya ekseli iliyokwaruzwa inahitaji kulainishwa kwenye mashine ya kerezo. Fundi saa asiye na kerezo anaweza kushirikiana na mkerezaji aliyezoea kazi ndogo, mradi wapewe kipuri cha zamani kama kipimo, na wakubali kwamba hakuna kinachokatwa kwenye mtambo ambacho hakiwezi kurudishwa. Fundi akimaliza, mwenye saa aombe vipuri vyote vilivyotolewa, avifunge kwenye bahasha pamoja na daftari la mwendo, na kuviweka chini ndani ya kabati. Atakayeifungua tena saa hiyo miaka 20 ijayo ataanzia pale mwenzake alipoishia.